Mutuka ya Baba Chini ya Mwembe

Mambo ya kupanga na fundi mbele ya kufungua buloni ya kwanza



Pengine hata mu lupango yenu iko moja. Inasimama chini ya mwembe tangu miaka mingi. Mipira yote mine imelala, kioo cha mbele kimefunikwa na majani, kuku wanataga mayai ku kiti cha nyuma. Ni Peugeot 504 breki, ile ya viti mistari mitatu, ambayo baba alinunua wakati mshahara ulikuwa ungali mshahara. Ndani yake mama alipelekwa materniti. Ndani yake wanakwaya walibanana kwenda ibada ya mbali, ngoma zikiwa juu ya paa. Usiku mmoja jirani aligonga mlango akibeba mtoto mgonjwa, na baba alitoka bila viatu kuiwasha.

Baba amepumzika. Mutuka imebaki.

Sasa mmoja wenu amepata kazi mu kampuni ya migodi, na kisha miezi mitatu anasema: «Turudishe mutuka ya papa mu barabara.» Siku hiyo mnafurahi wote. Siku ya pili maneno yanaanza. Kaka mkubwa anasema itakuwa taksi. Dada anataka iwe vile vile kama zamani, na rangi ile ile. Shemeji anasema chuma inauzwa kwa kilo, tuuze. Kijana wa mwisho amekwisha kusemezana na fundi wa kartiye, na fundi amemwambia: «Baleteni tu na akonti kidogo, ingine tutamona mbele.» Mama peke yake hasemi neno.

Tunakuandikia wewe, mbele ya siku ile ya kuisukuma kutoka lupango. Neno letu ni moja: mutuka isiyotembea lakini iko nzima, iko na bei. Mutuka iliyofunguliwa nusu, mota huku, milango kule, mabuloni mu ndoo, haina bei tena, na mara nyingi haina njia ya kurudi. Njo maana shauri lote lifanyike mbele ya kufungua.

Mu Luka 14 Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo anapaswa kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi tu, kisha wapita njia wakamcheka. Misingi ya namna hiyo iko mingi mu magaraji yetu. Angalia nyuma ya ukuta: gari zimekaa juu ya matofali, na majani yameota mahali pa mota. Kila moja ilianza na furaha ya jamaa fulani.

Ujue unachokitengeneza

504 si gari ya bure. Ilionyeshwa Paris mwaka 1968, na mwaka 1969 ikapewa heshima ya kuwa gari ya mwaka mu Ulaya. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 3. Mu Nijeria, mji wa Kaduna, kiwanda kilianza kuziunganisha mwaka 1975. Afrika iliipenda kwa sababu iko juu, resori zake zinameza mashimo ya barabara, na fundi anaweza kuifungua kwa funguo za kawaida. Lakini Ufaransa waliacha kutengeneza breki mwaka 1983. Basi ile ya kwenu, kama ilitoka Ufaransa, hata ikiwa ya mwisho kabisa, imepita miaka arobaini. Mipira ya ndani, nyuzi za umeme na chuma chenyewe vimezeeka pamoja nayo.

Watu wengi wanaogopa mota. Mota ya esansi ya 504 iko na bloki ya chuma na kulasi ya aliminiamu. Ikikosa maji na kupata moto sana, kulasi inapinda kidogo, juwe yake inaungua, maji yanaingia mu mafuta. Hiyo ni kazi ya kutengenezeka: tuneri mwenye mashini nzuri ataisawazisha kulasi. Tena silinda zake ni shemize, ni kusema mabomba ya chuma yanayotoka mu bloki. Fundi anaweza kuweka shemize na pistoni mpya pamoja bila kutoboa bloki upya. Wazee waliotengeneza gari hii walifikiri juu ya mtu wa mbali na kiwanda.

Kinachokula feza ya jamaa ni kutu. Maji ya mvua yanaingia pembeni ya kioo, yanalala chini ya tapi, yanakula planshe pole pole. Matope yanabaki mu lonjero, ile chuma ndefu chini ya milango inayoshikilia gari yote. Ku macho mutuka inaonekana nzima, kumbe chini imekwisha kuwa biskuti.

Wewe kijana, kazi ya kwanza unaweza kuifanya mwenyewe bila kulipa mtu. Kamata turnevisi na uchome pole pole chini ya planshe, ku lonjero na mahali resori zinashikamana. Ikiingia sawa vile mu mkate, andika mu kaye: hapa sudire. Kisha kamata sumaku ndogo ya radio ya zamani na uipitishe ku milango na mabawa. Mahali haishiki, chini ya rangi hakuna chuma, iko masitiki tu. Andika tena. Kaye hiyo ndiyo itasema na fundi mbele yako, na hatakuona kama mtoto.

Usiwashe mota

Jaribu kubwa ya vijana ni kuleta batri na kusema: «Tuone kama inalia.» Usifanye hivyo! Mota iliyolala miaka mingi, segma zimeshika kutu mu silinda. Ukiilazimisha, utavunja kile kilichokuwa kizima. Toa mabuji, mimina mafuta kidogo mu kila silinda, acha siku mbili tatu, kisha fundi aizungushe kwa mkono. Esansi ya zamani mu rezervuari imekuwa gundi, imwagwe. Mafuta ya freni nayo yanavuta maji kutoka hewa, na maji hayo yanakula silinda za freni kwa ndani. Hata pedali ikiwa ngumu chini ya mguu, freni ya gari iliyolala haifai kuaminiwa.

Neno lingine kwa wamama: vumbi la freni za zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Garniture za wakati ule mara nyingi zilikuwa na amianti, na vumbi lake linaua mapafu kisha miaka mingi. Lipanguzwe na kitambaa chenye maji, na watoto wasicheze karibu.

Kwanza meza ya nyumbani, kisha garaji

Kusanyikeni jioni moja, wote, na mama akiwa katikati. Ulizo la kwanza si bei. Ulizo la kwanza ni hili: itafanya kazi gani? Taksi inataka mota yenye nguvu, freni mpya na viti vya bei ndogo; rangi haina maana kubwa. Gari ya ukumbusho, ya arusi na Siku Kuu, inataka rangi, viti na nikeli, na itatembea kidogo. Gari ya jamaa iko katikati. Hamuwezi kumwomba fundi vyote vitatu kwa feza ya kimoja. Mkienda garaji bila kupatana, kaka atapita asubuhi na kuagiza hivi, dada atapita mangaribi na kuagiza vile, na fundi atafuata yule aliyeleta feza mwisho.

Jambo la pili, makaratasi. Karti roze iko wapi? Namba ya shasi mu karti na ile iliyopigwa ku chuma ni moja? Msianze kusudire mbele ya kuhakikisha, kwani chuma yenye namba ikikatwa, mutuka inapoteza jina lake.

Na kama baba amekufa, mutuka si ya yule aliye na feza. Kodi ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka watoto wote mu fungu la kwanza la urizi, wanawake sawa na wanaume, na kuwapa robo tatu; mjane yuko mu fungu la pili. Basi andikeni karatasi: nani anatoa feza, mutuka itabaki ya nani, na ikiuzwa kesho kila mtu atapata nini. Wote watie saini. Msiseme: «Siye ni ndugu, karatasi ya nini?» Ni kwa sababu ninyi ni ndugu.

Jambo la tatu, chagueni mtu mmoja atakayesema na garaji. Mmoja tu. Si lazima awe mwenye feza. Awe mwenye saburi na mwandiko mzuri.

Kuchagua garaji

Usihesabu gari zilizo mu garaji. Uliza zimekaa tangu lini. Garaji yenye gari ishirini zinazolala haishindi garaji yenye gari nne zinazotoka. Omba kuonyeshwa kazi iliyokwisha tangu mwaka mmoja, si ya wiki iliyopita. Rangi ya wiki moja yote inangaa. Ile iliyopita wakati wa mvua mmoja bila kuvimba, hiyo njo rangi.

Uliza nani atafanya nini. Mekanisiani mzuri si lazima awe tolie mzuri, na tolie si pentre. Akikujibu: «Kulasi tutapeleka kwa tuneri, mimi sina mashini,» umshukuru Mungu, umepata mtu wa kweli. Akisema anajua yote, kaza macho.

Angalia pia mahali gari italala. Paa iko? Mlinzi iko? Wakati wa mvua, gari iliyotolewa rangi na kuachwa nje inapata kutu upya kwa siku chache. Mutakuwa mumelipa kutu ya zamani na kununua nyingine.

Devi ya hatua kwa hatua

Hakuna fundi wa kweli anayeweza kukupa bei yote kwa kuitazama gari kwa macho tu. Anayeitoa palepale, ama anaikuza kwa kuogopa, ama anaipunguza kwa kukuvuta. Njia nzuri ni kugawa kazi kwa hatua, na kila hatua iishie mahali ambapo mnaweza kusimama bila hasara.

Hatua ya kwanza ni kuchunguza. Mlipe kazi hiyo peke yake: gari inaoshwa chini, kulasi inafunguliwa, freni zinafunguliwa, kila ubaya unaandikwa. Kisha inafungwa tena. Hapo fundi anaandika devi ya kweli. Hata mkiamua kuacha, mutuka inarudi nyumbani nzima.

Hatua ya pili ni chuma ya kubeba: lonjero, planshe, fasi za resori. Mbele ya sudire, batri itolewe, rezervuari itolewe, nyuzi za umeme na tapi zisogezwe mbali. Moto umechoma gari mu garaji kwa kusahau jambo hilo dogo.

Hatua ya tatu ni mota na bwati. Hatua ya ine ni freni, volani, mipira na umeme. Hapa musipunguze kitu. Mtu anaweza kununua mlango wa okazio, lakini freni ya okazio, hapana. Na mipira ya gari isomwe: pembeni yake, kisha herufi DOT, mwisho wa mstari kuna namba ine. Mpira ulioandikwa 2319 ulitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira mzee unangaa kwa mafuta ya muuzaji, lakini ndani umekauka.

Kisha endesheni mwezi mmoja na rangi ya zamani, mbaya vile ilivyo. Mwezi huo utaonyesha mafuta yanapovuja na maji yanapoingia. Rangi na viti ni hatua ya tano, ya mwisho. Mafundi wengi watataka kuanza na rangi, «juu bantu bamone kama kazi inaendelea.» Kataa kwa upole. Kufungua mota kisha rangi ni kukwaruza rangi, na kusudire kisha rangi ni kuiunguza. Tena chagueni wakati: mu mwezi wa kwanza hewa iko na maji mengi, mu mwezi wa nane vumbi liko kila mahali. Pentre asiye na chumba cha kufunga atakuambia mwenyewe siku zake nzuri ni zipi.

Mu kila devi muandike: kazi gani, mapiesi gani, mapya ao okazio, nani atanunua, siku ngapi, bei ya mikono peke yake na bei ya mapiesi peke yake. Piesi ya zamani irudishwe ku jamaa. Hiyo si kumwita fundi mwizi. Ni kulinda jina lake. Na mkienda kununua, bebeni ile ya zamani mu mkono, kwani 504 zilikuwa na mota za esansi za litre 1,8 na za litre 2, tena za mazutu, na si kila piesi inaingia kila mahali.

Lipeni kila hatua kwa desharji yenye saini. Akonti itoshe kwa mapiesi na mwanzo wa kazi; baki itolewe hatua ikiisha na mmeijaribu. Na kama devi inasema kumi, msianze mpaka muwe na kumi na tatu. Gari ya zamani daima inaficha kitu.

Siku ya kuipeleka, pigeni foto na telefone: pande zote, ndani, chini ya kapo, namba ya kilometre. Andikeni vitu vilivyomo: kriki, radio, gurudumu la akiba. Fundi atie saini, nanyi mtie. Umwombe aweke mabuloni ya kila sehemu mu mfuko wake na jina juu. Fundi akibadilishwa ama akiugua, atakayefuata atajua mahali pa kila kitu.

Fundi naye iko na nyumba

Tumesema sana juu ya kujilinda na fundi. Sasa tuseme upande wake, kwani mu kanisa letu mafundi wako pia, na malalamiko yao tumeyasikia.

Mteja analeta gari na akonti, kisha anapotea miezi sita. Gari inakaa mahali pa kazi ya mtu mwingine. Fundi amekwisha kulipa tuneri na kupa vijana wake chakula. Siku mteja anarudi, anakuja na hasira, si na feza. Ama anapita kila siku na ndugu watatu, akisema: «Mbona haijaisha?» Ama anashindania bei iliyokwisha kuandikwa, kwa sababu rafiki amemwambia kwingine ni rahisi. Yakobo aliandika kwamba mshahara uliozuiwa unalia mbele ya Mungu. Hakusema ya mkulima inalia na ya mekanisiani inanyamaza.

Basi kama feza imekosekana katikati, usijifiche. Nenda mwenyewe, sema: «Papa, kazi mgodini imesimama, tufunge hapa.» Kama mmegawa hatua vizuri, atafunga, atakurudishia yako na utamlipa yake. Mtabaki mnasalimiana.

Kama hesabu inakataa

Na kama kisha hatua ya kwanza hesabu inasema hapana? Kama feza ya hatua zilizobaki ni minerval ya watoto wa mwaka mzima? Usione haya. Iuzeni nzima, na makaratasi yake, kwa mtu anayetafuta 504. Ama iacheni chini ya mwembe mwaka mmoja tena, mota ikiwa na mafuta mu silinda na shasi ikiwa juu ya mawe, huku mkiweka akiba. Kumbukumbu ya baba haiko mu kabiratera. Baba aliyetoka usiku bila viatu kwa mtoto wa jirani hatafurahi kuona mjukuu wake amefukuzwa ku masomo kwa ajili ya rangi.

Lakini kama hesabu inakubali, na ndugu wamekubaliana, basi endeleeni. Ni kazi nzuri. Kijana wa nyumbani aombe ruhusa ya fundi ya kukaa karibu Jumamosi, ashike taa, aoshe mapiesi, ajifunze. Atarudi na mikono myeusi na akili mpya.

Tena, mbele ya yote, mumuulize mama. Amenyamaza tangu mwanzo, na kila mtu alifikiri ni huzuni. Pengine anataka kusikia tena ile mota asubuhi. Pengine anataka tu lupango yake iwe huru apande mboga. Hamtajua mpaka mmemuuliza, na jibu lake linaweza kubadilisha devi yote.

Ya kuzungumza nyumbani

1. Kitu gani mu nyumba yetu tulikifungua na hatukukimaliza? Tulikosa kuhesabu nini?

2. Kuna fundi, mshoni ama mwashi ambaye tunamdaiwa? Tutamwendea siku gani?

3. Mali aliyotuachia mzazi inatuunganisha ama inatutenga? Nani kati yetu hajaulizwa bado?